Usiikimbilie paneli ya AC

Wewe unayeanza ufundi wa magari, kabla ya kumwambia mteja anunue paneli mpya ya AC, yaani ile ya dashibodi yenye vitufe au vitasa vya feni na joto, hakikisha ile ya zamani imekufa kweli. Mwaka wangu wa kwanza nililetewa gari ambalo feni ilipuliza namba 4 tu. 1 hadi 3 kimya. Nikaagiza paneli, nikaifunga, hali ikawa ile ile. Mteja alishalipa. Uso wake sijausahau.

Ubovu ulikuwa kwenye rezista ya feni, kifaa kidogo kinachopunguza umeme unaoifikia mota yake. Katika magari mengi ya zamani, spidi za chini hupatikana kwa kupitisha umeme kwenye rezista, na spidi ya mwisho huenda moja kwa moja kwenye mota. Ndiyo maana rezista ikiungua, hubaki hiyo ya mwisho peke yake. Itafute karibu na feni, kwa kuwa upepo wa feni ndio unaoipoza. Chomoa soketi yake uikague: plastiki iliyobabuka na kuwa kahawia imeshakujibu. Na ukisikia tik-tik-tik ndani ya dashibodi, shuku kwanza mota ndogo inayogeuza mlango wa hewa, kile kibao cha ndani kinachoelekeza hewa moto na baridi.

Fyuzi ikiwa nzima, volti 12 zinafika kwenye soketi ya paneli, ethi (waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari) ni nzuri na bado vitufe havijibu, hapo ifungue. Hata hivyo, tazama bodi yake ya umeme kwa tochi. Ufa mwembamba wa mviringo kwenye lehemu, pale miguu ya soketi inaposhika, hutibika kwa kulehemu upya.

Paneli ya kubadilisha ilingane namba ya kipuri na ile ya zamani; kufanana sura hakutoshi. Kabla ya kutoa betri, muulize mteja namba ya siri ya kufungulia redio. Plastiki za zamani huvunjika upesi, zipashe joto kidogo, utumie kibanzi cha plastiki badala ya bisibisi.

Paneli yenye vitasa vya kuzungusha mara nyingi huwa na kebo zinazovuta milango ya hewa, na hapa naomba uwe mvumilivu. Piga picha, kisha tia alama ya kalamu mahali ganda la kebo linapobanwa na klipu. Ukiirudisha pembeni milimita chache tu, mlango wa hewa hautafunga mpaka mwisho, na hewa moto itavuja kwenye baridi. Kwa hiyo washa gari, zungusha kila kitasa mwanzo hadi mwisho, uweke mkono kwenye kila tundu la hewa, ndipo urudishe dashibodi.