Maswali Yenu: "Nikimvuta Ndipo Anazidi Kukimbia"

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watu waliozoea kobu, yaani farasi mfupi, mnene, mwenye mgongo mpana na shingo nene, ambao sasa wanapanda thorobredi, farasi mwembamba wa mbio. Hapa Nairobi hilo haliepukiki. Farasi wengi wakistaafu mbio za uwanja wa Ngong huishia kwenye mabanda ya Karen na Lang'ata, na kobu halisi ni wa kutafuta kwa tochi.

"Nilijifunza kupanda nikiwa Uingereza, na kwa miaka minane nilipanda kobu tu. Nimerudi Karen, na banda ninaloenda lina thorobredi watupu. Najihisi kama nimekaa juu ya uzio wa mbao. Tukianza kanta, ule mwendo wa kasi kabla ya mbio kamili, anaongeza mwendo, nikivuta hatamu anazidi kukimbia. Je, nitawahi kuwapenda, ama nitafute kobu?" — Msomaji, Karen

Usitafute kobu bado, dada. Farasi wako anakutii, ila anaitii lugha aliyofundishwa na joki, yaani mpanda farasi wa mbio. Farasi wa mbio hufundishwa kuegemea lijamu, kile chuma cha mdomoni: joki anafupisha hatamu, anainama mbele, farasi anapata kitu cha kushikilia na kujinyoosha. Kadiri uzito unavyoongezeka mkononi, ndivyo anavyozidi kusukuma. Sasa mtazame mtu aliyeingiwa na hofu juu ya farasi: magoti yanapanda, kifua kinaenda mbele, hatamu zinafupishwa, mikono inavuta bila kuachia. Ukimpiga picha ni joki mtupu, na farasi anasoma hiyo picha.

Kwa hiyo anza na mikono. Vuta kwa kufunga vidole tu, kama unayekamua sponji, kwa nusu sekunde, kisha achia hata kama hajapunguza mwendo. Rudia. Asipopata cha kuegemea, hana cha kusukumana nacho. Wakati huohuo inua kifua, toa pumzi yote nje, na umwelekeze kwenye duara la mita 20. Duara linapunguza mwendo kuliko mkono wowote. Usimpinde ghafla kwenye duara dogo akiwa na kasi, hasa mvua ikiwa imenyesha: udongo mweusi wa pamba wa huku kwetu huteleza kama sabuni, naye ataanguka nawe.

Miguu ndiyo inayowasumbua wengi zaidi. Kwa kobu umezoea kupiga teke, subiri, piga tena. Ukija kwa thorobredi unaogopa kumgusa, unaiweka miguu mbali na mbavu, halafu siku shavu la mguu linapomgusa kwa bahati mbaya anaruka. Si ukali huo, ni mshtuko. Ngozi yake ni nyembamba, anahisi hata nzi. Acha miguu imguse kidogo muda wote, bila kubana, ili mguso wako uwe kitu cha kawaida kwake. Na mguu ukiwa pale, unaweza kumwomba aende pembeni au ajipinde, mambo ambayo mguu ulioning'inia hewani hauwezi kuyasema.

Hisia ya kukaa juu ya uzio inatokana na umbo. Mgongo wa kobu unakutanua nyonga na mbavu zake zinakujaza miguu. Thorobredi ni mwembamba, na shingo iliyo mbele yako ni ndefu na nyembamba pia, kwa hiyo unaona kama hakuna kitu huko mbele. Fupisha vikuku, vile vyuma vya kukanyagia, tundu moja au mawili, ushushe uzito visiginoni, ujue kwamba mwili utachukua wiki kadhaa kuzoea.

Tukija kwenye troti, mwendo ulio kati ya kutembea na kanta (kamusi zinaiita "matiti", lakini jaribu kumwambia saisi, mtunza farasi, wa Lang'ata hivyo uone atakavyocheka), kobu huinua magoti juu na hatua zake ni fupi za harakaharaka. Thorobredi anafagia chini, hatua ni ndefu. Wewe bado unainuka na kukaa kwa mdundo wa kobu, kwa hiyo unamharakisha bila kujua. Hesabu moja-mbili kwa sauti na uchelewe kidogo kukaa. Farasi wengi watakufuata ndani ya raundi mbili za uwanja.

Ratiba ya dakika 40, mara tatu kwa wiki: dakika 10 za kutembea hatamu zikiwa ndefu, dakika 15 za troti kwenye maduara, ukibadilisha upande mara kwa mara na kurudi kwenye kutembea kila baada ya hatua kama 12, kanta fupi mbili au tatu, kila moja isizidi duara mbili, ukiisimamisha wewe kabla hajaamua yeye, kisha dakika 10 za kutembea. Kosa la kawaida ni kumchosha kwanza kwa mbio "ili atulie". Farasi huyu alikuzwa kwa mazoezi ya mbio. Mwezi mmoja wa kumchosha hivyo utakuwa umemwongezea pumzi, na wewe bado una hofu ileile.

Na mapenzi? Tazama masikio. Siku moja utakuwa unafunga vidole, sikio moja litageuka nyuma kukuelekea, na mwendo utashuka kabla hujamaliza kufunga. Mwachie papo hapo. Kwa kobu kila hatua ya kanta unailipia kwa jasho. Kwa huyu utaanza kufikiria kanta na kukuta mko ndani yake. Wengi husema ni hapo walipoacha kuulizia kobu.

"Nina kilo 86. Rafiki zangu wanasema mimi ni wa kobu tu, nitamvunja thorobredi mgongo. Ni kweli?" — Msomaji, Kikuyu

Pima, kaka, usikisie. Wapandaji wengi hufuata kiwango cha mpanda na matandiko kutozidi asilimia 20 ya uzito wa farasi aliye katika hali nzuri. Chukua futi ya fundi cherehani. Pima mzunguko wa kifua nyuma tu ya kiwiko cha mguu wa mbele, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya kalio. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 11,880. Farasi mwenye mzunguko wa sm 185 na urefu wa sm 160 ana kama kilo 461, kwa hiyo kikomo chake ni kilo 92. Wewe na tandiko la kilo 9 mnafika 95: mmezidi. Mwenye sm 190 na 163 ana kilo 495 hivi, na hapo mnatosha. Thorobredi aliyetoka mbio juzi, akiwa bado hana misuli ya mgongo, mpe nafasi zaidi hata kama hesabu imekubali.

"Naweza kutumia tandiko langu la kobu kwa thorobredi, nikiongeza blanketi?" — Msomaji, Ngong

Hapana. Tandiko pana litashuka na kukaa juu ya mfupa ulioinuka pale shingo inapokutana na mgongo, na mfupa huo kwa thorobredi ni mrefu na hauna nyama. Ukiwa umekaa, vidole viwili au vitatu vilivyopangwa wima vinapaswa kupita kati ya mfupa na tandiko. Blanketi juu ya blanketi huleta kuyumba na malengelenge. Lililomkaa sawa leo, likaguliwe tena baada ya miezi mitatu, kwa sababu misuli itakuwa imejijenga na umbo limebadilika.

"Mimi ni saisi. Thorobredi wetu anakula kilo 6 za chakula cha gunia kwa siku, mara mbili, na mbavu bado zinaonekana. Nikikaza mkanda wa tumbo anageuka kuniuma. Kobu wa jirani ananenepa kwa nyasi tupu!" — Lang'ata

Kaka saisi, kobu anaishi kwa kidogo, na hatari yake ni kunenepa hadi kwato ziugue. Wako ana shida ya upande mwingine. Tumbo la farasi hutoa asidi muda wote, awe anakula au hali, na mate yanayotokana na kutafuna ndiyo yanayoipunguza makali. Kilo 3 za nafaka kwa mkupuo, halafu saa nyingi za kukaa bila nyasi, ni njia ya vidonda vya tumbo, na kuuma wakati wa kukaza mkanda ni dalili mojawapo.

Geuza mpango. Kwa farasi wa kilo 500, nyasi kavu za boma rhodes kilo 8 hadi 10 kwa siku, zigawe mara nne, fungu kubwa liwe la usiku. Zipime kwa mizani ya kuning'iniza kama ya wauza viazi, maana mafungu hudanganya macho. Chakula cha gunia kisizidi kilo 2 kwa mlo. Badilisha polepole kwa siku 10, usije ukamletea msokoto wa tumbo. Nusu saa kabla ya kupandwa mpe nusu ndoo ya alfalfa iliyokatwakatwa, ili asidi isirukeruke kwenye tumbo tupu. Mkanda ukaze tundu moja, mtembeze, kaza tena. Asipobadilika baada ya wiki tatu, daktari wa mifugo aangalie meno, minyoo na tumbo lenyewe kwa kamera.

"Hatulii nipande. Nikiweka mguu kwenye kikuku, yeye ashaondoka." — Msomaji, Rongai

Joki hurushwa juu farasi akiwa anatembea, kwa hiyo kwake kuondoka ndiyo adabu. Tumia kibao cha kupandia. Siku ya kwanza simama juu ya kibao tu, farasi akitulia sekunde tano shuka, mwende. Kisha egemea tandiko, kisha mguu kwenye kikuku bila kupanda. Siku ukipanda, kaa hesabu ya kumi kabla ya kuondoka, kila mara bila kuruka hata siku moja.

"Nimeambiwa kobu hawashikwi na maradhi ya farasi ya Afrika kama thorobredi. Naweza kupanda jioni?" — Msomaji, Lang'ata

Umedanganywa, mama. Kobu hufa kwayo vilevile. Pundamilia hubeba virusi bila kuonekana wagonjwa, na ninyi mmepakana na Mbuga ya Nairobi. Visubi wanaoeneza huuma kuanzia machweo hadi alfajiri, hivyo awe bandani kabla ya saa 12 jioni na asitoke hadi jua liwe juu. Chanjo ni kila mwaka, kabla ya mvua. Msimu wa mvua mpime joto kila asubuhi: 37.5 hadi 38.5 ni kawaida. Likipita 39 usimpande hata kwa kutembea, na vile vishimo vilivyo juu ya macho vikifura, mpigie daktari simu kabla hujamaliza chai.