Kabla hujamtafutia shule mtoto mwenye mahitaji maalumu

Hapa Uganda wazazi wengi huanza kwa kuuliza, "Shule ipi nzuri?" Hilo lisubiri. Anza na masikio na macho. Mtoto anayeitwa mzito wa kuelewa mara nyingi hasikii vizuri, na pengine ni nta tu, au usaha uliopuuzwa muda mrefu. Apimwe kwanza katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Kisha nenda ofisi ya elimu ya wilaya, umuulizie mkaguzi anayeshughulikia mahitaji maalumu. Ripoti iwe ya maandishi. Toa nakala tatu, halisi ibaki nyumbani, kwani mafaili ya ofisini yana tabia ya kupotea.

Wanaoumia zaidi ni watoto viziwi. Mtoto anawekwa P.2, yaani darasa la pili la msingi, pamoja na watoto 80, na mwalimu hajui lugha ya alama. Muhula ukiisha daftari linapendeza: mwandiko umenyooka, kila kilichokuwa ubaoni kimo. Mzazi anafurahi. Hebu chukua neno moja kutoka ukurasa uleule, liandike kwenye karatasi nyingine, umwambie akuonyeshe kitu chenyewe. Akibaki anakutazama usoni, basi alikuwa anachora herufi tu. Huyo apelekwe kunakotumika lugha ya alama, kama shule ya viziwi ya Ntinda, Kampala, na asingojee mpaka P.5.

Asiyeona anaweza kusoma shule ya kawaida yenye kitengo cha wasioona. Uliza mashine za nukta nundu, yale maandishi ya kupapasa kwa vidole, ni ngapi, halafu uliza ngapi ni nzima. Hilo la pili ndilo la kukomalia. Mwenye uono hafifu huenda akatosheka na kukaa mbele na maandishi makubwa. Asilazimishwe nukta nundu eti kwa sababu ndiyo iliyopo.

Kama shule ni ya bweni, nenda jioni, si siku ya wazazi. Tazama nondo za madirishani, jaribu mlango wa pili kama unafunguka kwa ndani, ujue usiku nani analala na watoto. Moto wa Oktoba 2022 katika shule ya wasioona wilayani Mukono uliua watu 11.

Akifika P.7, darasa la mwisho la msingi, hitaji lake lijazwe wakati wa usajili wa UNEB, baraza la mitihani la taifa, miezi mingi kabla ya mtihani: dakika 45 za nyongeza kwa kila somo, mkalimani, nukta nundu au maandishi makubwa. Shule husahau. Ikisahau, Novemba mtoto atafanya mtihani kama wengine wote. Omba fomu uione kwa macho yako kabla haijatumwa.