Barua kwa mwanangu: Kwa nini kijiji kinamlisha mtawa

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, sote hatujambo. Umeniuliza kwa nini wakulima wa kijiji unakofundisha huko Isan, kaskazini-mashariki mwa Thailand, watu wenye shida zao, huwalisha kila asubuhi watawa wa Kibudha, wanaume wazima ambao hawalimi wala hawapiki. Ukauliza pia kama wewe, usiye Mbudha, waweza kuweka chakula kwenye bakuli lao. Unaweza, na nitakueleza namna yake. Ila lile swali la kwanza ndilo zito.

Mtawa halimi kwa sababu amekatazwa. Aliyetimiza miaka 20 na kupewa utawa kamili anashika kanuni 227. Hachimbi udongo. Hakati mmea ulio hai. Halazi chakula hadi kesho, na ikishapita saa sita mchana hali tena mpaka alfajiri. Ukiacha maji, haingizi kinywani kitu ambacho hakukabidhiwa na mtu. Hata embe lililodondoka uani mwa hekalu si lake mpaka mwanakijiji aliokote ampe. Ziweke kanuni hizo pamoja utaona zinakoelekea: mtawa hawezi kujitenga na watu. Akikosa adabu, masufuria ya kijiji yanamfungia vifuniko, naye atahisi hilo asubuhi inayofuata. Mimi sijui usimamizi wa viongozi wa dini ulio mkali kuliko huo.

Wanakijiji watakuambia wanatoa ili wapate thawabu, wao na marehemu wao. Waamini, ndivyo ilivyo kwao. Ndiyo maana mtawa hasemi asante: anayetoa ndiye aliyepewa nafasi.

Lakini ukitaka kuona kazi ya watawa kwa macho, nenda msibani. Jioni watawa wanakuja kusoma sala mbele ya jeneza, mara nyingi wanne. Kwenye msiba idadi yao huwa shufwa. Kwenye harusi au kubariki nyumba mpya huwa witiri, watano, saba au tisa. Siku ya kuchoma maiti wanatangulia mbele wameshika uzi mweupe wa pamba uliofungwa kwenye jeneza. Mtoto au mjukuu wa kiume wa marehemu huweza kunyolewa akawa mtawa mdogo kwa siku hiyo moja tu, ili thawabu yake imfikie aliyekufa. Baadaye mifupa inaokotwa na kuhifadhiwa, mara nyingi hapo hapo hekaluni, na watawa wanaalikwa tena kwenye kumbukumbu ya siku ya 7 na ya 100. Mikeka, sahani na masufuria makubwa navyo hutoka stoo ya hekalu. Familia inaazima, inaosha, inarudisha, na kilichovunjika inalipa. Nyumba maskini kabisa inawaaga wafu wake kwa heshima ileile ya nyumba tajiri. Kwangu mimi hilo peke yake linatosha kulipia wali wa asubuhi.

Shule nazo zilianzia hekaluni. Mwaka 1898 Mfalme Chulalongkorn aliagiza elimu ya mikoani ienezwe kupitia mahekalu, na hadi leo utakuta shule nyingi za vijijini zimepakana na hekalu. Wako pia watawa waliokwenda mbali zaidi: Luang Pho Nan wa Surin alisaidia wakulima kuanzisha benki ya mpunga wasikopeshwe kwa riba ya kuwaua, na Phrakhru Manas wa Phayao alianza kuviringishia miti mikubwa vitambaa vya rangi ya mavazi ya watawa, watu wakaogopa kuikata.

Sasa namna ya kutoa. Isan wanakula wali wa kunata. Loweka mchele usiku, uupike kwa mvuke kwenye kikapu cha mianzi alfajiri. Watawa wanapita kukishapambazuka, kama saa kumi na mbili, peku. Nawe vua viatu, piga magoti au chuchumaa, ukae kimya. Mkubwa yuko mbele, wadogo nyuma. Kata vitonge vidogo ili wa mwisho asikute kikapu kitupu, kosa ambalo wageni hulifanya sana. Tia kitonge bila kugusa bakuli wala vazi. Kwa kuwa wewe ni mwanamke, kitu kingine ukitaka kumpa atatandika kitambaa, ukiweke juu yake, asipokee mkono kwa mkono. Mboga na mchuzi usivitie kwenye bakuli. Wanawake wenzako huvipeleka hekaluni baadaye, fuatana nao.

Usitoe mchele mbichi wala nyama mbichi. Nyama iliyopikwa inakubalika, mradi mnyama hakuchinjwa kwa ajili ya mtawa. Tunda lenye mbegu zinazoweza kuota likatwe kwanza na mtu wa kawaida. Punguza sukari, nakusihi: mtawa hachagui anacholetewa, na jioni anaruhusiwa vinywaji tu, vingi vitamu, kwa hiyo kisukari kimewaandama; mwaka 2017 Thailand ilitoa mkataba maalumu wa afya ya watawa. Zile ndoo za njano za zawadi kwa watawa, zilizofungashwa tayari madukani, ziache pia, mara nyingi vya juu vizuri na vya chini hafifu. Nunua mwenyewe nyembe, dawa ya meno, dawa za maumivu na balbu.

Pesa usizitie kwenye bakuli. Kanuni zinamkataza mtawa kuzipokea, na pale zinapozoeleka kuishia mikononi mwake ndipo ugomvi wa kijiji huanzia. Zikabidhi kwa mhudumu asiye mtawa au kwa kamati ya hekalu. Utaliona hilo mwezi wa Oktoba, miezi mitatu ya mvua ambayo watawa hukaa pamoja hekaluni itakapokwisha. Hapo ndugu wanarudi kutoka Bangkok na kathina, yaani kitambaa cha mavazi ya watawa, pamoja na michango ya bati na saruji. Kila hekalu hupokea kathina mara moja tu kwa mwaka, ndani ya mwezi mmoja, na kanuni inataka watawa watano. Siku hizi mahekalu mengi madogo yana wawili au watatu, wengine wazee, hivyo wanaalika wa jirani kutimiza idadi. Weka mchango wako kwenye bahasha, andika jina wazi. Kamati inahesabu mbele ya watu na kutangaza majina na kiasi kwa kipaza sauti. Usione haya likisomwa lako.

Msalimie mama mwenye nyumba wako.

Ni mimi, mama yako