Ukitaka kujifunza kuchonga, anza na msasa

Kila anayeniuliza chuo cha uchongaji kiko wapi, huwa namwambia aende Wamunyu, kaunti ya Machakos, akae kivulini na wazee. Huko ndiko Mutisya wa Munge, mchongaji Mkamba, alikorudi na ufundi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, alipokuwa amepelekwa Tanganyika na kuona mafundi wa huko wakichonga sanamu. Wakamba walichonga tangu zamani, ila vigoda, miiko na vitu vya matumizi. Mutisya hakujenga darasa. Watu wake walijifunza kwa kumtazama, wakawafundisha wengine, hadi kazi ikafika masoko ya Nairobi na Mombasa.

Mimi nilianzia kwenye msasa, na wewe utaanzia hapo. Utapewa swara aliyechongwa na mwingine umlainishe, na utachoka naye. Vumilia. Ukipitisha kidole shingoni unahisi mahali tezo, kile kishoka cha kuchongea, ilipokula mbao kupita kiasi, na baada ya muda unamtambua fundi bila kuambiwa. Tupa na patasi zitafuata, tezo mwisho.

Jifunze kunoa mapema. Mchongaji huketi chini, gogo amelibana kwa nyayo, na tezo butu ikiteleza mguu uko palepale.

Mbao? Mpingo na muhugu, miti ya mbao ngumu, imeadimika, na mpingo ni ghali mno kwa mkono usiotulia. Chukua mwarobaini. Unakua haraka, lakini hupasuka ukikaushwa kwa pupa: uweke kivulini, upake nta kwenye ncha zilizokatwa, maana huko ndiko maji hutoka kwa kasi.

Kuna jambo linaniudhi katika karakana kubwa: huyu anakata gogo, yule anatoa umbo, wa tatu anapiga msasa na kiwi. Oda zinaisha haraka, sawa, lakini kijana anaweza kukaa miaka akijua masikio ya ndovu tu. Kabla hujakubali kuingia, muulize mzee wa karakana kama utaruhusiwa kumaliza mnyama mzima. Akizungukazunguka, mshukuru uende kwingine.

Ukiruhusiwa, usikimbilie twiga. Anza na mwiko, kisha kiboko, ambaye hana kiungo chembamba cha kuvunjika. Twiga akifika, geuza kipande hadi nyuzi za mbao zipande sambamba na shingo. Zikiikata kwa upande, itavunjika mkononi ukiwa kwenye msasa.