Kambare-kijiti: kinachomuua ni njaa

Kambare-kijiti (Farlowella) ni samaki wa mito ya Amerika Kusini. Wengi wanaoanza kumfuga humpoteza wiki za mwanzo wakidhani kaugua, kumbe kafa njaa. Chakula chake kikuu ni mwani na utando unaoota juu ya miti na kioo, na tangi jipya halina kitu hicho.

Kwa hiyo anza na tangi, samaki baadaye. Lita 100 au zaidi, refu kuliko kwenda juu. Weka matawi makavu ya mpera yaliyotolewa gome na kuchemshwa, washa taa saa nane kwa siku, uliache lizunguke bila samaki, chujio likiwaka bakteria wazuri waote, wiki sita hadi nane mpaka matawi yateleze ukiyagusa. Amonia na naitraiti, sumu zitokanazo na uchafu, ziwe sifuri; naitreti, ambayo ni sumu hafifu zaidi, isizidi miligramu 20 kwa lita. Ukisafisha, sugua kioo cha mbele tu. Vingine ni malisho yake.

Dukani, subiri ajibandike kwenye kioo umtazame tumbo. Likiwa limebonyea, mwache, hata muuzaji akipunguza bei. Mhamishe kwa kikombe, maana ngozi yake ya magamba magumu hunasa kwenye wavu.

Maji ya bomba ya Kampala yana klorini. Yaweke kwenye pipa wazi lenye kijiwe cha hewa (kitoacho mapovu) kwa saa 24, kisha badilisha robo ya tangi kila wiki. Usiku wetu hupoa, hivyo hita iwe nyuzi 25. Umeme ukikatika, kinachotisha kuliko baridi ni chujio kusimama: bakteria waliomo hukosa hewa na kuanza kufa, na umeme ukirudi uchafu wote unasukumwa tangini. Nunua pampu ya hewa ya betri. Chujio likiwa limesimama saa kadhaa, suuza sponji kwa maji ya tangi kabla ya kuliwasha tena, usitumie ya bomba.

Mlishe taa zikishazimwa. Kipande cha boga, tango, dodo (mchicha) au sukuma wiki, kilichochemshwa dakika mbili na kufungwa jiwe kizame. Kitoe asubuhi. Nkejje (samaki wadogo wa Ziwa Victoria) na sato wasiwekwe naye kabisa. Watamdonoa na kumnyang'anya chakula, naye hana mbio wala ukali wa kujitetea.

Kuzalisha si kugumu wakila vizuri. Dume ana vinywele vigumu pembeni mwa pua. Pua ya jike ni laini na nyembamba. Jike hutaga usiku, mara nyingi kwenye kioo, mayai 60 hivi yaliyopangwa. Dume huyalalia na kuyapepea. Usimwondoe. Yai likigeuka jeupe limeoza. Yai zima huonyesha vidoa viwili vyeusi vya macho siku chache kabla ya kuanguliwa, na huanguliwa baada ya siku 6 hadi 10.

Vifaranga ndio mtihani. Kiini cha yai huwatosha siku mbili tatu, baadaye hukwangua bila kupumzika, mchana na usiku. Wanaoonekana wazima leo huanza kufa wiki ya pili, kwa sababu njaa yao huonekana wakati umeshachelewa. Siku mayai yanapotagwa, panga mawe bapa kwenye beseni la maji dirishani penye jua yaote mwani, uwe unawabadilishia kila siku. Waweke kwenye kisanduku cha wavu ndani ya tangi lile lile la wazazi, wapate maji waliyozoea, na jani la dodo lililochemshwa lisikosekane humo. Uchafu unyonye kwa mrija mwembamba wa pampu ya hewa, asubuhi na jioni. Mdomo wa chujio uvalishe sponji.

Usiwauze kabla ya sentimita 4. Wadogo zaidi hawahimili safari ndani ya mfuko. Waliozidi wape wafugaji wenzako, usiwamwage kinamasini wala Ziwa Victoria. Mputa (sangara) aliingizwa humo miaka ya 1950, na aina nyingi za nkejje zikatoweka.