Kabla hujanunua pampu ya mafuta, jua gari lako linatumia ipi

Gari likizima njiani na kugoma kuwaka, neno la kwanza kusikika ni "pampu imekufa". Nimeishi na magari ya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) na ya EFI (petroli hupulizwa na nozeli zinazoongozwa kwa umeme), na kabla sijamruhusu fundi kushika spana huwa nauliza: pampu ya namna gani? Maana dalili zake hazifanani.

Kwenye Peugeot 504 au Corolla za kabureta, pampu imefungwa ubavuni mwa injini. Kemshafti, yaani shafti ya injini inayofungua valvu, inasukuma mkono wake, mkono unavuta kiwambo cha mpira, petroli inanyonywa kutoka tangini. Shinikizo lake ni dogo, psi (kipimo cha shinikizo) 4 hadi 6 hivi, na kabureta haihitaji zaidi ya hapo. Tabu yake ni joto. Kwenye foleni ya mchana petroli inageuka mvuke ndani ya paipu na pampu inabaki kuvuta hewa. Zima, ifunike kwa kitambaa kilicholowa maji, subiri ipoe.

Kubwa zaidi ni kiwambo kuchanika, kwa sababu petroli inaweza kushukia kwenye oili. Chomoa stiki: oili ikiwa imepanda kupita alama na inanuka petroli, usiliwashe gari hilo hata kwa kulisogeza. Oili iliyochanganyika hivyo hailindi beringi. Badilisha pampu, mwaga oili yote, weka mpya.

Magari ya EFI yana pampu ya umeme, mara nyingi imezama ndani ya tangi, na inasukuma psi 40 hadi 60 hivi. (Noah za injini ya D-4, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, zina pampu mbili: ya umeme tangini, na ya shinikizo kubwa inayozungushwa na kemshafti.) Fungua swichi bila kupiga stata, usikilize upande wa tangi. Magari mengi yatatoa mlio wa sekunde kama mbili. Pakiwa kimya, anza na fyuzi, rilei (swichi ndogo inayoipa pampu umeme) na waya. Rilei ni rahisi mno kuliko pampu. Mlio upo lakini gari linakata nguvu kwenye mlima kama Kitonga? Hapo shuku filta au pampu iliyochoka, na mtake fundi apime shinikizo kwa geji. Asiyekuwa na geji anabahatisha kwa pesa yako.

Pampu ya ndani ya tangi hupozwa na petroli inayoizunguka. Anayetembelea taa ya njano ya petroli kuisha kila siku anaipika taratibu. Mimi sishuki chini ya robo tangi.

Sasa wenye kabureta wanaotaka kuhamia pampu ya umeme. Usifunge ya EFI: shinikizo lake litaishinda sindano inayofunga petroli kwenye kabureta, petroli ifurike juu ya injini ya moto. Tafuta ya shinikizo dogo. Tena, ile inayosukumwa na kemshafti husimama injini inaposimama, lakini ya umeme iliyofungwa ovyo itaendelea kumwaga petroli hata gari likiwa limepinduka na paipu imekatika. Watu wako ndani. Kwa hiyo fundi akitaka kuvuta waya moja kwa moja kutoka kwenye betri, mkatalie. Mwambie aweke fyuzi, na rilei inayopitia swichi ya shinikizo la oili, ili injini ikizima pampu nayo ikate.