Kufufua Peugeot 504 hapa Dodoma: anza na bodi, injini itasubiri

Ndugu yangu wa Mpwapwa,

Umeeleza kwamba marehemu baba yako mkubwa ameacha Peugeot 504 ya milango minne, ambayo imesimama chini ya mkwaju tangu mwaka 2011, na kwamba moyo wako unavutwa zaidi na magari ya Kimarekani ya miaka ya 1960 yenye silinda nane. Umeuliza kama uliuze gari hilo ili uweke akiba ya kununua Ford Mustang, au ulifufue, na kama ni kulifufua, ufungue nini kwanza. Ninakujibu kama mtu aliyefufua 504 katika ua wa nyumbani kwake Kizota kuanzia mwaka 2018, kazi iliyochukua miaka mitatu na nusu, na zaidi ya mwaka mmoja kati ya hiyo ulipotea kwa makosa niliyoyafanya mwanzoni kabisa.

Usiliuze. Mapenzi ya magari ya Kimarekani ninayaelewa, kwa sababu hata mimi nilianzia huko. Pontiac GTO ya mwaka 1964 ilipatikana kwa kuchukua injini ya lita 6.4 iliyostahili gari kubwa na kuiweka katika bodi ya gari la wastani, na uzuri wa magari hayo kwa fundi ni kwamba ukifungua boneti unaona nafasi ya kuingiza mikono yote miwili. Lakini mtu anayefufua gari la namna hiyo akiwa Mpwapwa atasubiri sanduku kutoka Marekani kwa kila hatua, na kazi ya kwanza haivumilii kusubiri. 504 ni jambo tofauti. Ufaransa iliacha kuunda hii ya milango minne mwaka 1983, lakini Kenya na Nigeria ziliendelea kuunganisha 504 kwa miaka mingi baadaye, na ndiyo maana spea bado zinapatikana Kariakoo na Nairobi, na wazee walioifungua injini yake mara kumi bado wapo hapa mjini na wanafurahi kuulizwa. Tena si gari la kuonewa haya: lilishinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 na mwaka 1978, katika barabara za vumbi na matope kama hizi zetu.

Kabla hujagusa boliti yoyote, shughulikia kadi ya gari. Ikiwa bado ina jina la marehemu, familia ikae kikao, mirathi ifunguliwe mahakamani, msimamizi ateuliwe, kisha umiliki uhamishwe TRA, Mamlaka ya Mapato, na uhakikishe namba ya chesesi iliyo kwenye kadi ndiyo iliyogongwa kwenye gari. Nimeshuhudia kijana akilipaka gari rangi mpya, na wiki iliyofuata ndugu wa baba wakaja kulidai.

Sasa bodi, na hapa naomba univumilie, kwa sababu ndipo kazi nyingi za kwanza zinapofia. GTO niliyoitaja ina fremu yake chini na bodi imekaa juu yake, lakini 504 haina chesesi inayojitegemea. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba injini, shokapu na abiria. Kutu ikishaila mahali fulani, siyo sura ya gari inayoharibika bali mifupa yake. Watu hudhani kwamba kwa kuwa Dodoma ni kukavu, na mvua yetu ya mwaka mzima ni kama milimita 550 hadi 600 tu, magari yaliyokaa huku hayana kutu. Ni kweli kwa paa na milango, ambayo mara nyingi utaikuta mizima kuliko ya gari lililokaa Tanga au Dar es Salaam. Lakini vumbi letu huingia ndani ya vizingiti vya milango kupitia matundu ya kutolea maji na kuyaziba, na mvua za Desemba hadi Aprili zikija, vumbi hilo hugeuka tope linaloshikilia maji ukutani mwa bati kwa miezi. Kizingiti huoza kutoka ndani huku rangi ya nje ikikuchekea. Kwa gari lako kuna pia majani ya mkwaju: yatakuwa yamejikusanya chini ya kioo cha mbele, yameziba mifereji, na maji yamekuwa yakishukia kwenye sakafu ya dereva chini ya zulia.

Kwa hiyo siku ya kwanza nenda na sumaku ndogo, bisibisi na tochi, usichukue spana. Ifunge sumaku kwa kitambaa chembamba na uipitishe taratibu kwenye bodi. Pale isiposhika, chini ya rangi kuna puti, ile lipu ya kuzibia mashimo ya bodi, na mtu aliyepaka puti nene alikuwa anaficha kitu. Gonga vizingiti kwa mpini wa bisibisi: bati zima hulia, bati bovu hutoa sauti butu. Kisha chunguza sehemu za kuwekea jeki, sakafu yote baada ya kung'oa zulia, chini ya tairi la akiba ndani ya buti, na zaidi ya yote, pale juu ambapo shokapu za mbele zimeshikwa na bodi. Vizingiti na sakafu vinatengenezeka. Ikiwa sehemu za shokapu zimeoza pande zote mbili, tafuta fundi bodi mzoefu azione kabla hujatumia hata shilingi moja.

Kuna jambo la kuchomelea ambalo sitaki likupate. Gereji moja niliyoipelekea gari langu ilikata vizingiti vyote viwili kwa pamoja, bodi ikiwa imeinuliwa kwa jeki mbili katikati. Bodi ikajikunja kidogo sana, kiasi ambacho jicho halikuona, lakini baada ya kuchomelea milango ya nyuma haikufunga tena, na ilibidi vikatwe upya. Bodi ikae sawasawa juu ya stendi nne, uwazi wa milango uungwe kwa vyuma vya muda ili usibadilike, na kikatwe kizingiti kimoja, kikamilike, ndipo kiguswe cha pili. Omba mashine ya kuchomelea ya waya, kwa sababu ile ya fimbo hutoboa bati jembamba la bodi. Tanki la mafuta na betri viondolewe kwanza. Nawe usiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Kosa langu kubwa, hata hivyo, halikuwa la gereji yoyote. Katika wiki mbili za mwanzo, kwa furaha tu, nilifungua kila kitu kilichofunguka: viti, dashibodi, wayaringi, taa, breki. Boliti zote nikaziweka katika kopo moja la rangi. Kisha nikahamishiwa Singida kikazi kwa miezi kumi na minne, na niliporudi sikukumbuka hata waya mmoja ulikokuwa unakwenda. Fungua mfumo mmoja, uukamilishe, ndipo uende kwenye mwingine. Piga picha kabla ya kila boliti, weka boliti katika mifuko midogo yenye maandishi, na uwe na daftari. Kwenye viti utakuta mchwa au panya, hilo lisikushtue, lakini wayaringi uukague sentimita kwa sentimita, kwa sababu panya hupenda kutafuna pale pasipoonekana.

Injini usijaribu kuiwasha kwa betri. Toa plagi, mimina kijiko cha oili nyepesi katika kila silinda, acha siku kadhaa, kisha izungushe kwa mkono kwa spana kwenye boliti ya mbele ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Ikizunguka bila kukwama, una bahati. Petroli ya zamani imwagwe yote, na breki zifunguliwe kuanzia masta silinda hadi magurudumuni, mipira ikiwa mipya. Hapo pasiwe na mjadala.

Ukilazimika kufungua hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, soma sentensi hizi mara mbili. Injini ya petroli ya 504 ina hedi ya alumini juu ya bloku ya chuma, na laina zake, yale mapipa ambamo pistoni hupanda na kushuka, hazikushindiliwa ndani ya bloku, bali zimesimama humo zikizungukwa na maji, chini zikiwa na sili za kuzuia maji yasivuje, na kinachozikandamiza zisisogee ni hedi yenyewe. Nilipotoa hedi, mwenzangu aliizungusha krenki ili tuone pistoni zikipanda na kushuka. Pistoni ziliziinua laina kidogo, sili zikaachia, sisi hatukujua. Tulifunga vizuri, injini ikawaka, na baada ya siku mbili oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, maana maji yalikuwa yameingia humo. Hedi ikishatoka, funga washa nene, vile vyuma bapa vyenye tundu katikati, kwa boliti kwenye matundu ya hedi ili zikandamize kingo za laina, na krenki isiguswe mpaka hilo lifanyike.

Kwa sababu hiyo hiyo ya alumini, rejeta usiijaze maji ya bomba. Maji yetu ya visima yana chumvichumvi, utaiona kwenye sufuria yoyote ya jikoni, na chumvi hiyo hujenga magamba ndani ya njia za maji na kuila hedi. Tumia maji ya betri, yaliyoondolewa chumvi, pamoja na kulenti, kile kimiminika cha kupoozea injini. Kabureta nayo, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ikushughulishe: mji wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni pungufu kwa takribani sehemu moja ya kumi kuliko Dar es Salaam, kwa hiyo kabureta iliyorekebishwa Pwani itamimina mafuta mengi mno hapa na plagi zitakuwa nyeusi. Irekebishiwe hukuhuku, injini ikiwa ya moto.

Rangi iwe ya mwisho kabisa, na isipigwe Julai au Agosti, wakati upepo wetu unapobeba vumbi mchana kutwa. Mimi nilipiga mwezi Mei, alfajiri, ndani ya banda lililozungushiwa turubai, sakafu ikiwa imemwagiwa maji.

Nenda Jumamosi na sumaku yako. Ukimaliza, weka hapa picha za vizingiti, za sakafu bila zulia, na za pale shokapu za mbele ziliposhikwa, zipigwe kwa karibu na kwa mwanga wa mchana, nami nitakuambia kila ninachokiona.